Ndago shambani, mafunjo ufukweni

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi kukaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho lilikuwa halijafika tena tangu mwaka 1964. Bujumbura, Uvira, Baraka, Kalemie, kote maji yaliingia barabarani, sokoni na vyumbani. Habari zilitaja mvua, El Niño na mabadiliko ya tabianchi, na hazikukosea. Hazikutaja majani. Lakini mtu aliyezoea kutembea kando ya ghuba ya Burton, kati ya mji wa Baraka, upande wa Kongo, na rasi ya Ubwari, angeweza kuonyesha kwa kidole, miaka mingi kabla, ni viwanja vya aina gani vitakavyolala majini: vile vilivyofyekwa mafunjo ili vijengwe.

Majani hayo ni ya jamii kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Wataalamu wa mimea wanahesabu takriban spishi 5,500 za jamii ya ndago duniani, kuanzia tundra ya kaskazini hadi mashamba ya mpunga ya Asia, na karibu 950 kati ya hizo ni ndugu wa karibu wa ndago yenyewe. Afrika ya tropiki ni nyumbani kwao. Mafunjo, ambayo Wamisri wa kale waliyageuza karatasi, ni ya jamii hii. Ndago inayomchosha mkulima wa Fizi, wilaya ya huko Baraka, ni ya jamii hii. Hata majani ya Ziwa Titicaca, kule Bolivia na Peru, ambayo Waaymara huyafunga mafungu na kuyafanya mitumbwi, ni ndugu zao. Mwaka 1970 mafundi wa Kiaymara ndio waliomfungia msafiri wa Norwei Thor Heyerdahl mafunjo ya chombo alichovukia Atlantiki hadi Barbados.

Kuyatofautisha na nyasi hakuhitaji kitabu. Chuma bua moja, uliviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Bua la nyasi, au la tete, huzunguka bila kukwama, na ukilifuata kwa vidole utapita kwenye vifundo. Bua la funjo lina pembe tatu. Hukwama kwenye kila pembe, na tangu chini hadi juu halina kifundo hata kimoja. Likate kwa wembe na ndani hutakuta uwazi kama wa tete, bali moyo mweupe, laini, uliojaa vijumba vya hewa. Hewa hiyo ina kazi. Mizizi ya funjo imezama kwenye tope lisilo na oksijeni, mahali ambapo mzizi wa mahindi ungeoza kwa siku chache, na bua ndilo linaloishushia pumzi.

Uwezo huo wa kuishi pasipo hewa haugawanywi sawa ndani ya jamii, na hapo ndipo swali la Baraka linapoanzia. Funjo hutaka maji yaliyotulia mwaka mzima. Tete, ambalo ni nyasi na si ndago, huvumilia mkondo, na hustahimili maji yanayopanda na kushuka. Ndago ya shambani hupenda udongo uliolimwa, wenye unyevu wa kutosha, lakini haikai chini ya maji ya kudumu. Ukipanda kutoka ufukweni kuelekea milima ya Itombwe, ambayo kilele chake kinapita mita 3,400, utakuta mabonde baridi yenye ndugu zao wengine wafupi, wanaoota juu ya udongo mweusi wa majani yaliyooza nusu. Kila mmoja anasema maji hukaa hapa kwa muda gani kwa mwaka, na anasema kwa uhakika kuliko bango lolote la mipango miji, maana amekufa na kuota hapo kwa miongo.

Kwa hiyo swali ambalo huulizwa kila mara na miradi, kama mimea hii ni rasilimali au kero, mimi naliona limeulizwa vibaya. Mmoja ni kero pale, mwingine ni kinga hapa, na wakati mwingine ni mmea uleule kwa watu wawili tofauti. Mama anayelima mpunga na mvuvi anayetafuta kambale hawana sababu ya kuyatazama majani kwa jicho moja.

Sehemu kubwa ya mwambao wa Tanganyika ni mawe na miteremko inayotumbukia moja kwa moja kwenye kina, kina kinachofika mita 1,470 mahali pa chini kabisa. Tambarare zenye tope ni chache: delta ya Ruzizi kaskazini, delta ya Malagarasi upande wa Tanzania, mdomo wa Lukuga huko Kalemie, na vipande kama vile vya Baraka, ambapo mito ya milimani, Mutambala ukiwa mkubwa wao, humwaga udongo ndani ya ghuba iliyokingwa na Ubwari. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipopita hapa mwaka 1858 wakielekea Uvira walidhani Ubwari ni kisiwa. Kosa lao linaeleweka, maana shingo ya nchi inayoiunganisha rasi na bara iko kusini kabisa, na mtu aliye mtumbwini haioni. Kwa mafunjo, rasi hiyo ni baraka ya kweli: huvunja mawimbi ya ziwa kuu na kuacha maji ya ghuba yametulia kiasi cha mizizi kushika.

Ushahidi mkubwa kuliko yote wa kile ambacho mimea hii inaweza kulifanyia ziwa uko kusini ya Fizi, kwenye Lukuga, mto pekee unaotoa maji Tanganyika. Mei 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye mdomo wake. Wenyeji walimwambia mto unatoka ziwani. Aliingia kwa mtumbwi, na baada ya mwendo mfupi akazuiwa na majani mengi yanayoelea. Mpelelezi Stanley akafika mwaka 1876 na hakuona mkondo wa maana: tope, mchanga na mafunjo. Wakati huohuo ziwa lilikuwa linajaa. Miti ambayo Stanley aliiacha imesimama sokoni Ujiji mwaka 1871 aliikuta imesimama majini. Ziwa lilikuwa kama halina mlango, na wasomi wa Ulaya walibishana kama linatoka au halitoki.

Mwaka 1878 kizuizi kilivunjika. Edward Hore wa shirika la wamisionari la London alipofika mwaka uliofuata alikuta Lukuga ni mto wa nguvu, unaokimbia kuelekea Kongo. Ziwa likashuka kiasi cha mita 10 hivi kabla ya karne kwisha. Ndiyo sababu anayekwenda leo Ujiji kuona mnara wa mahali Stanley alipokutana na Livingstone hujikuta mbali na maji, akijiuliza mtumbwi ulifungwa wapi.

Mafunjo hayakuziba Lukuga peke yake, na ni vizuri kutoyapa sifa isiyo yao. Mvua zilikuwa zimepungua kwa muda mrefu, maji yakashuka chini ya kizingiti cha mto, vijito vya pembeni vikaleta mchanga, mawimbi ya ziwa yakausukuma mchanga huo mdomoni. Majani yalifanya kazi ya pili, ambayo bila yake ya kwanza isingedumu: yalifunga. Mizizi mlalo ya funjo husukana na kuwa tandiko nene la kubeba mtu, na kila punje ya mchanga inayopita hapo hunaswa. Mkondo unapopungua, majani huzidi. Majani yanapozidi, mkondo hupungua. Mambo hayo mawili yalishikana miaka mingi hadi ziwa la zaidi ya kilomita 670 kwa urefu likakosa pa kutokea.

Jambo lilelile, kwa kiwango kidogo, hutokea kwenye kila mdomo wa mto mwambaoni. Mto hushuka na udongo wa milimani, majani huukamata, nchi huinuka kidogo kidogo. Binadamu anaona nchi mpya yenye rutuba, anafyeka, analima au anajenga. Baada ya hapo udongo wa msimu unaofuata hauna wa kuukamata. Hupita moja kwa moja hadi ghubani. Utafiti ulioongozwa na Andrew Cohen, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba sehemu za ziwa zilizofunikwa na udongo wa milima iliyofyekwa zina aina chache zaidi za viumbe kuliko sehemu ambazo nyuma yake misitu imebaki. Samaki wa mawe wa Tanganyika, wale wadogo wa rangi ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa bei ya kushangaza, hawaishi kwenye tope.

Kuna faida nyingine za mafunjo zinazojulikana vizuri mahali pengine Afrika Mashariki, na nitazipitia haraka kwa sababu zimeshasemwa sana. Kampala, bwawa la Nakivubo hupokea maji machafu ya jiji kabla hayajafika ghuba ambayo jiji hilohilo huchota maji ya kunywa. Tathmini ya mwaka 1999 ilikadiria kazi hiyo ya kuchuja kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Rwanda, bwawa la Rugezi lilikaushwa kwa kilimo, maziwa ya Burera na Ruhondo yakapungukiwa, na mtambo wa umeme wa Ntaruka ukalegea hadi mwaka 2004 nchi ikawa gizani kwa zamu. Serikali ikawaondoa wakulima na kulirudisha bwawa. Mifano hii hupendwa kwenye semina. Ila Nakivubo ina jiji lenye bomba la maji la kulinganisha gharama, na Rugezi ilikuwa na mtambo wa umeme. Baraka haina la kwanza la kutosha wala la pili, kwa hiyo hesabu ya fedha haitamshawishi mtu yeyote hapa. Kinachoweza kumshawishi ni nyumba iliyoingiliwa na maji.

Hata hapo, tuwe na kipimo. Mkanda wa mafunjo hauzuii ziwa kupanda. Maji yakipanda polepole, tandiko la mizizi huelea na kupanda nayo, na mkanda huendelea kuvunja mawimbi kabla hayajagonga ukuta wa udongo; hiyo ndiyo kazi yake, na si ndogo, maana nyumba nyingi za mwambao haziangushwi na kimo cha maji bali na kupigwapigwa. Yakipanda kwa kasi na kwa upepo, tandiko hukatika likawa kisiwa. Aprili 2020, wakati Ziwa Viktoria nalo limefurika, kisiwa cha namna hiyo kilielea hadi Jinja, kikaingia kwenye mitambo ya Nalubaale, na umeme ukakatika Uganda. Na kwa mafuriko ya kutoka milimani mafunjo hayana la kufanya kabisa. Usiku wa kuamkia 9 Mei 2025 mto Kasaba, katika sekta ya Ngandja wilayani Fizi, ulishuka na mawe na matope ukaua watu zaidi ya 60. Msiba ule ulianzia kwenye miteremko. Anayewaambia watu wa Ngandja wapande mafunjo anawadhihaki.

Sasa shambani, ambako jamii hii haina rafiki.

Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walipotoa kitabu chao kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani, nafasi ya kwanza waliipa ndago. Walikuwa wameikuta katika nchi 92 na katika mazao 52. Mkulima wa Fizi hakuhitaji kuambiwa. Ndago juu ya ardhi ni majani machache ya kijani iliyokolea na shuke la rangi ya kahawia nyekundu, kitu ambacho mtoto angeking'oa. Chini ya ardhi ni mlolongo wa viazi vidogo, vyeusi, vigumu, vinavyonukia ukivivunja, vimeunganishwa kwa nyuzi kama shanga. Jembe linapopita hukata nyuzi. Kila kiazi kilichokuwa kimelala kwa sababu kiliungana na chenzake sasa kinaamka kivyake. Palizi ya kwanza huzaa ndago nyingi kuliko ilizoua, na anayepalilia, ambaye Baraka kama kwingineko ni mwanamke, hurudi baada ya wiki mbili kukuta shamba limekolea tena kijani.

Dawa za kuua magugu hupunguza majani na kuacha viazi kadhaa vikiwa hai. Kinachoisumbua ndago kwa kweli ni kivuli. Haipendi kufunikwa. Muhogo uliopandwa kwa kubanana ukifunga majani mapema huidhoofisha. Kunde na maharage ya kutambaa vilevile. Mpunga wa maji ya kusimama huizamisha. Kwa hiyo ndago iliyotapakaa ni taarifa nyingine: shamba hili linalimwa mara kwa mara, halipumzishwi, halifunikwi, na maji yake huja na kuondoka. Katika tambarare ambayo imepokea watu wengi kwa muda mfupi, taarifa hiyo inaeleweka. Oktoba 2005 Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilianza kuwarudisha kwa meli Wakongo waliokuwa kambi za Kigoma kama Nyarugusu na Lugufu, na bandari yao ilikuwa Baraka. Waliokimbia mapigano ya nyanda za juu wameshukia hukohuko. Mwaka 2015 Lusenda, kaskazini mwa Baraka, ikafunguliwa kambi ya Warundi. Ardhi haikuongezeka. Muda wa kupumzisha shamba ndio uliokatwa, na ndago ikachukua nafasi.

Kuna dhihaka katika hili. Ndugu pacha wa gugu hilo, ndago tamu ambayo viazi vyake huliwa, hulimwa kwa makusudi. Wamisri wa kale waliila. Wahispania wa Valencia huisaga na kuifanya kinywaji baridi cha kiangazi, na sehemu ya wanayoisaga hununuliwa Afrika Magharibi. Na si watu wa leo tu. Fuvu la Zinjanthropus, ndugu wa kale wa binadamu, alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, lina magego mapana sana, na kwa muda mrefu iliaminika alikuwa anavunja karanga. Vipimo vya meno vilivyotangazwa mwaka 2011 vilionyesha kwamba karibu asilimia 77 ya chakula chake kilitokana na mimea ya kundi la nyasi na ndago, ile inayotumia jua kwa namna ya mahindi na muwa. Mwaka 2014 Gabriele Macho wa Oxford akapendekeza kwamba viazi vya ndago tamu vilikuwa sehemu kubwa ya mlo huo. Huenda basi ndago ilikuwa shambani kwetu kabla hatujawa na shamba.

Turudi ufukweni, kwenye mafunjo na matumizi yake. Virago vya kulalia na kuanikia, ezeko la paa la kibanda cha mvuvi, uzio, kamba ya muda, kifuniko cha tenga la samaki: yote hutokana na bua hilo la pembe tatu. Katika sehemu nyingi za Kongo majani ya majini yalichomwa, majivu yakachujwa kwa maji na kuchemshwa hadi ikabaki chumvi, hadi chumvi ya dukani ilipoua kazi hiyo. Rwanda miaka ya 1980 ilijaribu kuyakandamiza mafunjo makavu kuwa kuni, wazo ambalo lingefaa mji unaokula mkaa wa milima yake. Funjo hukua haraka mno: bua hukomaa kwa miezi mitatu au minne, na shamba lililokatwa vizuri, mizizi ikaachwa, hurudia unene wake ndani ya nusu mwaka hadi mwaka. Mimea michache ya porini hutoa majani mengi hivyo kwa eneo.

Pamoja na hayo, sioni ufundi wa virago ukiokoa mafunjo ya Baraka, ingawa kila mradi huanza na picha ya mama anayesuka. Kirago ni cha bei ndogo, huoza, na plastiki imeshakishinda sokoni. Fedha anayopata mkataji kwa msimu mzima hailingani na fedha ya kiwanja kimoja. Palipo na bei mbili hizo, kiwanja hushinda, na kumlaumu mwuzaji ni kutojua maisha.

Hoja ya afya ndiyo inayosemwa zaidi pale ufukweni, na inastahili kusikilizwa kwa makini kwa sababu pande zote zina chembe ya kweli. Husemwa kwamba mafunjo huzaa mbu, kwa hiyo yafyekwe. Huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kinyume: vijiji vilivyo kando ya mabwawa yaliyofyekwa na kulimwa vilikuwa na joto zaidi usiku na mbu wengi wa malaria majumbani kuliko vijiji vilivyo kando ya mafunjo. Mbu hao hupenda kidimbwi kidogo chenye jua, si kivuli kizito cha bua la mita 4 au 5. Lakini Kabale iko juu sana, mahali ambapo nyuzijoto moja hubadilisha mambo. Baraka iko chini, mita 770 na kitu, na ina joto la kutosha mbu mwaka mzima. Kivuli kitasaidia, baridi ya Kabale haitahamia hapa. Upande wa pili, konokono wa kichocho hujificha kwenye majani ya maji yaliyotulia, na mtoto anayeoga penye majani huambukizwa kirahisi. Kipindupindu, ambacho kwa Uvira, Fizi na Kalemie si mgeni, huletwa na maji ya ziwa yanayonywewa bila kutibiwa na vyoo vilivyo karibu na maji. Kufyeka hakukiondoi, na mafuriko yanayojaza vyoo hukizidisha. Na kuna mamba na kiboko. Kwenye ziwa ambalo mamba wake mmoja wa Ruzizi, Gustave, alipewa jina na kutengenezewa filamu, mtu anayefyeka njia ya kuchotea maji anajua anachofanya.

Njia ya kuchotea maji, hata hivyo, ni upana wa hatua chache. Kufyeka njia na kufyeka mkanda ni mambo mawili.

Kwa wavuvi suala liko wazi zaidi, na ajabu ni kwamba halimo kwenye sheria zao. Nchi nne za ziwa zimekubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na kila mwaka kuna manung'uniko mwambaoni kwa sababu miezi mitatu bila ndagala ni mirefu. Usimamizi wote huo umelenga ndagala na mikeke wa maji makuu. Kambale, kamongo na ngege wanaokua kwenye kina kifupi, penye majani, hawana mtetezi. Mashua hufungwa, lakini chandarua cha mbu huendelea kuburutwa kwenye ukingo wa mafunjo na kutoka na vifaranga. Tena mtu aliyekatazwa kwenda ziwani ataingia wapi kama si hapo?

Nani basi aamue? Kwa maandishi, jibu ni fupi: sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Kwa vitendo, mtu akitaka kipande cha tope huenda kwa mkubwa wa ukoo au chifu, hutoa chake, kisha huenda kwa mpimaji. Kongo ilijiunga na mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo ya majimaji mwaka 1996, na ilitia sahihi mkataba wa Ziwa Tanganyika Dar es Salaam mwaka 2003 pamoja na Burundi, Tanzania na Zambia. Tanzania imeliandikisha bonde la Malagarasi na Muyovosi, hekta zaidi ya milioni 3, tangu mwaka 2000. Burundi imeandikisha upande wake wa Ruzizi. Mwambao wa Kongo haumo kwenye orodha hiyo. Nisingesikitika sana kwa hilo peke yake: orodha haikatazi jembe. Kenya ilikuwa na sheria na mashirika ya kutosha pale bwawa la Yala lilipokabidhiwa kampuni ya Kimarekani ya Dominion mwaka 2003 kwa kilimo cha mpunga, na baada ya zaidi ya muongo wa mabishano na wanavijiji kampuni ikaondoka, ikiacha mitaro.

Kwa Baraka ningependekeza jambo dogo kuliko hifadhi, na la haraka kuliko mkataba. Ziwa litashuka. Lilishuka baada ya 1878, likashuka tena baada ya 1964, na kila liliposhuka liliacha ukanda wa tope mbele ya nyumba za watu. Kwenye tope hilo wa kwanza kufika ni majani: ndugu wadogo wa ndago msimu wa kwanza, kisha matete, kisha mafunjo palipobaki maji. Wa pili ni mwenye jembe, na wa tatu ni mwenye tofali. Muda kati ya wa kwanza na wa pili ni mfupi, na ndio muda pekee ambapo mpaka unaweza kuwekwa bila kumbomolea mtu nyumba. Alama ya maji ya 2024 bado iko ukutani kwenye nyumba nyingi. Chifu, ofisi ya ardhi na wavuvi wakiifuata alama hiyo kwa kamba na vigingi sasa, kabla tope halijakauka, watakuwa wamegawa ukanda ambao bado hauna hati ya mtu. Juu ya vigingi, viwanja. Chini yake, mafunjo ya kukatwa kwa zamu bila kung'oa mzizi, mpunga kwenye sehemu zinazokauka, na njia za kuchotea maji zilizohesabiwa. Wakichelewa misimu miwili, kila kigingi kitahitaji kesi.